Siku Sauti ya Mama Ilipopotelea Jikoni

Msicheke kabla sijamaliza, ingawa najua mtacheka, maana hata mimi nikikumbuka ile siku ya ukweni natamani kujifunika blanketi mchana. Mimi Odhis, fundi wa kompyuta ninayejulikana Ndhiwa nzima (ulizeni pale steji), niliaibishwa na kompyuta yangu mwenyewe mbele ya wazee wa makabila mawili.

Mnajua mchumba wangu Boke ni Mkuria, kwao ni Kehancha, karibu na mpaka. Mama yake hakuwa na neno na mimi ila alisema kila mwanaume akitafuta mke huongea vizuri, kwa hivyo yeye anataka kusikia kauli ya mama aliyenilea, na bila hiyo msichana hatoki. Sasa mama yangu alikuwa ameteguka mguu, safari hawezi, na kule Kehancha simu kupata mtandao ni bahati. Nikasema nitamrekodi. Simu tu ingetosha, lakini fundi akitaka kuringa nani atamzuia, nikaleta maikrofoni na kompyuta yangu ya Linux, nikamwandikia hotuba ya Kiswahili sanifu. Mara ya kwanza aliiacha hotuba akajisemea yake, kisha akaniambia nifute, ameharibu. Mara ya pili akaisoma vizuri kama mtangazaji. Ile ya kwanza sikuifuta (uvivu tu).

Asubuhi ya safari kompyuta ikaniambia kuna sasisho jipya, nami nikiwa bado na kikombe cha chai mkononi nikakubali, kwa sababu bando lilikuwa linaisha siku hiyo na sikutaka lipotee bure. Ikajisasisha, ikazima, ikawaka, nikaitia kwenye begi bila kujaribu hata wimbo mmoja.

Tulipofika tukakaribishwa sebuleni, wazee wao upande mmoja, baba zangu wadogo upande mwingine, mvua inapiga mabati, na akina mama wako jikoni nyuma ya ukuta, maana kwa mila mama mkwe hawezi kukaa tu chumba kimoja na mkwe. Nikachomeka spika kubwa niliyoibeba kutoka Ndhiwa, nikabonyeza. Kimya. Nikaongeza sauti mpaka mwisho. Kimya!

Nikafungua ule ukurasa mweusi wa kuandika amri, nikawasha upya mambo ya sauti, nikachomoa waya, nikapuliza tundu (fundi mzima, napuliza tundu kama mtu anayewasha jiko), na kila nikigusa kitu nilijaribu kwa ile rekodi ya kwanza, aliyosema mama ameiharibu, ili ile nzuri isikike mara moja tu, kwa heshima zake. Baba mdogo akaninong'oneza, "Odhis, ni mashine iko na shida ama ni wewe?" Marwa, kaka yake Boke, naye akasema, "Shemeji, si utume kwa simu yangu tusikilize?"

"Tulia, shemeji," nikamjibu, "hii ndio kazi yangu."

Na huko jikoni kulikuwa na redio, mwanamke anaongea weee, na kwa ile mvua sikushika hata neno. Nikakasirika. Nikasema kwa sauti ya mtu mkubwa, "Marwa, tafadhali waambie wazime hiyo redio, natafuta sauti hapa!"

Marwa akaenda, akarudi ameuma midomo. "Shemeji, wanasema hiyo redio haizimiki. Na wanaomba irudiwe."

Nyuma yake akaingia Boke, amebeba kile kispika kidogo nilichompa tulipokuwa tunachumbiana, ambacho mimi mwenyewe nilikiunganisha na kompyuta yangu ili nimchezee nyimbo. Bluetooth mimi huizima kila siku kulinda betri, kumbe sasisho limeiwasha, nayo ikavuka ukuta kumtafuta rafiki yake wa zamani. Nikabonyeza tena, na safari hii sote tukamsikia mama yangu:

"Odhis, imeanza? Mimi sisemi hayo maneno yako ya vitabu. Huyo mama nasikia ni mkali, amefukuza vijana wawili waliokuja kuposa. Mwambie akufukuze ukikosea, lakini asifunge mlango. Mimi Mungu hakunipa msichana. Huyu wake akikuja, hatabeba maji peke yake, tutabeba na yeye. Sasa futa, nimeharibu."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Wazee wakaangalia viatu vyao. Kisha sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya mlango, bila yeye kuonekana.

"Mwambie mama yako nimesikia. Nimesikia mpaka nimeshika kwa kichwa. Na nimefukuza mmoja tu, huyo mwingine alitoroka mwenyewe."

Jikoni wakaangua kicheko, na sebuleni pia. Walipotulia akaongeza polepole, "Mguu ukipona, akuje tuonane. Boke ataenda. Kama huko kuna mtu wa kubeba maji na yeye, mimi nitalala usingizi." Jamani, nililia pale pale, mbele ya wazee, na sikuona haya.

Tangu hapo nimeapa, siku ya kwenda kwa watu kompyuta yangu haipati sasisho hata ikipiga magoti. Tuliporudi mama aliniuliza kama wameipenda ile hotuba. Nikamwambia wameipenda sana, kisha nikatoka nje nikaifuta, nikabaki na ile aliyoniambia nifute.