Mboji ya Moto kwa Mawaridi ya Wifi

Mshonaji hakuwa mtu wa hasira za kupanda na kushuka. Zake aliziweka akiba, na zote zilikuwa za mtu mmoja: wifi yake, dada wa marehemu mumewe.

Msiba haujapoa, wifi alikuja na kufuli akafunga bustani ya mbele. "Hii ya kaka yangu," alisema. "Wewe baki na uani." Jamani! Humo mlikuwa na mawaridi aliyoyapanda mume kwa mkono wake mwenyewe. Na wifi, kwa kuwa kazi yake ni kupamba kumbi za harusi, akawa anayakata mafungu kwa mafungu. Mshonaji aliyatazama dirishani, roho inamuuma. Alichotaka duniani ni bustani ile tu. Na kama haipati, basi wifi naye akione cha mtema kuni.

Hasira alikwenda kuzitolea uani, kwenye rundo la mboji. Kila alipomkumbuka wifi alilipindua: ya nje ndani, ya ndani nje, hewa ipite, pakikauka ananyunyiza maji. Na alimkumbuka mno, ndiyo maana rundo halikuwahi kupoa. Ukichomeka nondo katikati na kuichomoa, haishikiki. Mvuke ulipanda mpaka jirani akauliza anapika nini.

Siku moja huyo wifi, karai mkononi, meno yote nje.

"Wifi yangu kipenzi, nigaie mbolea kidogo. Mawaridi yamedumaa, na nina harusi kubwa inakuja."

Loo! Kipenzi tangu lini? Mboji iliyoiva ilikuwa pale pembeni, nyeusi, imeshapoa. Mshonaji alijua hivyo. Alijua pia kwamba ile ya katikati ya rundo bado changa, na ukiiweka shinani inaunguza mizizi.

"Karibu, wifi," akasema, sauti asali tupu. "Chota hapa katikati, ndipo penye nguvu. Irundike shinani kabisa, usiionee choyo."

"Mbona ya moto hivi?"

"Si ndio uhai wake huo!"

Wifi akachota karai baada ya karai, anashukuru. Mshonaji akarudi kwenye cherehani yake, akashona huku anaimba.

Haikuchukua muda. Majani yakawa manjano, yakajikunja, na vitumba vikanyauka kabla ya kufunguka. Mshonaji alichungulia dirishani, roho kwatu. "Ukome!" akasema peke yake.

Kisha wifi akabisha hodi, macho mekundu.

"Nisamehe, wifi. Nilitaka tu kubaki na kitu cha kaka yangu. Lakini mimi mkono wangu unaua. Bustani nimeifungua, ichukue. Wewe utayafufua, kaka mwenyewe alikuwa akisema hakuna mmea unaokushinda."

Mshonaji alisubiri raha ije, haikuja. Alimpita wifi mlangoni, akaenda mbele, akapiga magoti na kuanza kuifukua mboji kwa kucha. Ilikuwa ingali na joto. Akashika shina moja, akalivuta taratibu, likaja lote mkononi, mizizi imeoza. Akashika la pili, nalo likaja.

Wifi alikuwa amesimama nyuma yake, analia. "Niambie, wifi. Nilikosea wapi?"

"Hukukosea," akasema mshonaji. "Ulifanya nilivyokwambia."