Panya Mmoja kwa Siku Kumi na Nne

Mume wangu alipokwenda Mwanza kupasuliwa utumbo, aliniachia ufunguo wa kabati la vyeti na chatu wawili. Ufunguo sikuugusa. Chatu ndio walionimaliza.

Tunakaa Nyanga, katika kiwanja chenye migomba na mistari michache ya kahawa. Alifundisha biolojia sekondari mpaka alipostaafu, na wale chatu alikuwa nao kwa kibali cha watu wa wanyamapori, ili wanafunzi waje kuona. Ni aina ndogo, haifiki hata mita mbili, na ukiwashtua hawaumi bali wanajikunja duara na kuficha kichwa katikati. Jike ana unene wa mkono wangu karibu na kiwiko, dume ni mwembamba zaidi. Sijawahi kuwapenda. Kila mgeni aliyeuliza nilimjibu kwamba hao ni wa mume wangu, mimi nimeolewa naye, sikuolewa nao.

Asubuhi ya safari alinikabidhi daftari. Mwandiko wake wa ubaoni, herufi kubwa, mistari iliyopigwa kwa rula. Jike apewe panya mmoja kila baada ya siku kumi na nne. Panya asizidi unene wa chatu mwenyewe pale alipo mnene kuliko kwingine. Dume apewe mdogo zaidi, na hata zikipita wiki tatu si neno. Akikataa, mwache. Baada ya kula asishikwe siku mbili. Joto lisikatike, maana bila joto chakula hakisagiki tumboni. Nilimuuliza kama kuna ukurasa wa jinsi ya kunilisha mimi. Alicheka kidogo, kwa sababu tumbo lilikuwa linamuuma, kisha akasema, "Nikirudi niwakute wote wawili." Nikamwahidi. Miaka yote ile tuliyoishi pamoja hajaniomba vitu vingi, na nilijua anaogopa kutorudi.

Panya walikuwa kwenye friji ndogo ya stoo, wameshauawa na kufungwa kila mmoja kwenye nailoni yake. Friji hiyo nilikataa katakata isiingie jikoni kwangu. Unamtoa mmoja, unamwacha kwenye maji ya uvuguvugu mpaka barafu iishe, unampangusa, unamshika mkia kwa koleo refu na kumtikisa kidogo mbele ya chatu. Siku ya kwanza nilifanya hivyo huku nimefumba jicho moja. Jike alimdaka, akamviringisha, akammeza taratibu kuanzia kichwani. Nikaandika tarehe kwenye daftari na kunawa mikono mara tatu.

Siku tatu baadaye mama mkwe alifika kutoka Ngenge. Alikuja na mkungu wa ndizi, kuku aliyefungwa miguu, na kahawa za kutafuna ndani ya kifurushi cha jani la mgomba. Hakuona vyema nikae peke yangu wakati mwanawe yuko hospitali. Huyu ni mama ambaye ukipita kwake kuulizia njia tu, unapewa kwanza kahawa utafune, kisha unaambiwa ndizi zimekaribia kuiva jikoni, na ukisema una haraka anakasirika kweli. Kwa umri wake wa zaidi ya miaka sabini na mitano sidhani kama kuna mtu aliyewahi kutoka nyumbani kwake na njaa.

Nilidhani ataogopa chatu. Alisogea kwenye sanduku la kioo, akainama, akaniuliza wamekula nini leo. Nikamwambia hawajala. Na jana? Jana pia hawajala, zimebaki siku kumi na moja. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa kwamba nawafungia watoto stoo. Nikamletea daftari. Alivaa miwani yake ya kusomea Biblia, akasoma mpaka mwisho, akalifunga na kunirudishia.

Jioni ile, tukila, alinisimulia kwamba bibi yake hakuruhusu chatu aliyeingia shambani afukuzwe. Aliwekewa maziwa chini ya mgomba, na watu wa nyumbani walipita kwa adabu. Yeye ni Mlutheri, akasema, mambo hayo hayashiki. Lakini aliyefika nyumbani amefika nyumbani, na nyumba isiyompa kitu inajiaibisha yenyewe.

Kesho yake nikakuta maziwa kwenye bakuli la maji la jike. Nikayamwaga, nikamweleza polepole kwamba chatu hanywi maziwa na hali kila siku, kwamba mlo mmoja unamtosha wiki mbili, na ukimzidishia unamwumiza. Alikubali haraka mno. Mama huyu hakubali kitu haraka, nami ningepaswa kushtuka pale pale. Lakini nina kibanda cha cherehani mjini, na ulikuwa msimu wa sare za kwaya. Nikawa natoka asubuhi na kurudi saa kumi na moja, na nyumba nikamwachia yeye.

Wiki iliyofuata mvua ilinyesha mfululizo na umeme ukakatika Alhamisi, ukarudi Ijumaa jioni. Jumamosi asubuhi nilipofungua chumba cha chatu, harufu ilinirudisha nyuma. Jike alikuwa ametapika. Kilichotoka kilikuwa kifaranga, bado manyoya yake ya njano yanaonekana, na panya wawili wa stoo, wale wa rangi ya udongo ambao sisi hatuwaweki kwenye friji. Yeye mwenyewe alikuwa amelala kwenye kona amelegea, hakujikunja hata nilipogonga kioo.

Mama mkwe hakukana. Kifaranga alimpa Jumatatu. Panya aliwatega stoo kwa vipande vya ndizi, mmoja Jumatano, mwingine Alhamisi. Dume aligeuza kichwa, huyo akamwacha, lakini jike kila alipopewa alipokea.

"Anayepokea ana njaa," aliniambia. "Ningemnyimaje?"

Nilisema maneno ambayo mkamwana hamwambii mama mkwe. Nilimwambia kwamba mwanawe ameniomba kitu kimoja tu, na yeye amekiharibu kwa ubishi. Nilimwambia atampokea mwanawe kwa maiti ya nyoka. Alichota maji, akachukua brashi, tukasafisha sanduku pamoja.

Mchana nikampigia mume wangu. Nilitaka kumficha, lakini yeye huwa anauliza habari za chatu kabla hajauliza zangu, nami uongo siuwezi. Sauti yake ilikuwa nyembamba. Aliuliza kama jike anapumua huku mdomo uko wazi. Nikasema hapana. Akasema basi huenda akapona. Asipewe kitu chochote wiki mbili nzima, maji tu, na umeme ukikatika niweke chupa ya maji ya moto iliyofungwa kitambaa. Baada ya hapo aanze na panya mdogo, nusu ya yule wa kawaida. Nikaanza kumlaumu mama yake, akanikatiza.

"Usimgombeze Mama. Mshono umeleta matatizo, leo siku ya tisa sijaweka kitu mdomoni. Wananiwekea dripu. Jumatatu aliniuliza nimekula nini, nikamwambia ukweli. Akakata simu."

Mimi alikuwa hajaniambia. Nilibaki nimeshika simu, nikihesabu. Jumatatu ndiyo siku ya kifaranga.

Nilimkuta mama mkwe nyuma ya jiko, anamenya ndizi. Sufuria ilikuwa imejaa, ndizi za watu kumi, na tulikuwa wawili. Siku zote zile nilikuwa nanung'unika moyoni kwamba mama huyu hajui kupika kidogo. Niliona aibu mpaka masikio yakaniwaka. Nikachukua kisu, nikaketi karibu naye, nikamenya na mimi.

Kuanzia siku hiyo chatu walikuwa wake. Alitundika kalenda ya kanisa kwenye mlango wa chumba chao na kila asubuhi alikata siku moja kwa penseli. Umeme ulipokatika hakunisubiri. Alichemsha maji, akajaza chupa, akaizungushia kitenge chake mwenyewe na kuiweka pembeni mwa jike. Siku ya kumi na nne nilimyeyushia panya mdogo. Jike akamnusa, akageuka. Mama mkwe alikuwa amesimama nyuma yangu na mikono ameifumbata tumboni.

Nikamwonyesha kwenye daftari: akikataa, mwache.

Alisoma mstari huo mara mbili. Akaniambia hilo ndilo neno gumu kuliko yote mle ndani. Alikwenda kukaa barazani, na chakula cha mchana siku hiyo hakukigusa. Tulisubiri wiki nyingine nzima. Nilijikuta naamka na kwenda kumwangalia yule jike kabla sijanawa uso, mimi niliyesema si wangu. Siku ya ishirini na moja alimdaka panya mdogo, akammeza, na siku mbili zikapita bila kutapika. Nikamwandikia mume wangu ujumbe.

Alirudi wiki iliyofuata, shati limebaki kama limetundikwa kwenye msumari. Alipita kwanza chumba cha chatu, akawatazama wote wawili, akakaa kitini. Mkononi alikuwa na karatasi ya hospitali. Chakula laini, kidogo kidogo, mara sita kwa siku, uji usizidi kikombe kimoja. Mama mkwe alivaa miwani, akaisoma, akaenda kuibandika chini ya kalenda.

Saa saba alimletea uji. Aliumimina mbele yetu mpaka chini kidogo ya ukingo wa kikombe, akaangalia, akapunguza kijiko kimoja. Mume wangu aliumaliza, akaufuta ukingo kwa kidole, akamnyooshea kikombe.

"Mama, niongeze."

Najua mama huyu hajawahi kumkatalia mtu aliyesema hivyo maisha yake yote. Alikipokea kikombe, akakishika kwa mikono miwili.

"Bado, mwanangu. Mpaka saa kumi."

Akatoka nje, akaingia kati ya migomba. Niliona kitenge chake kikitembea huku na huku, kisha kikasimama. Sikumfuata. Saa kumi kamili alirudi na kikombe kimejaa, macho yamevimba, akaketi karibu na mwanawe na kumtazama akinywa.