Siku ya Uhuru Mzee Rachidi Alikuwa Sehemu Kumi na Moja

“Nijibu, muzee. Umezaliwa mara ngapi?”

“Mara moja tu, Mama Raïssa. Punguza sauti, wateja wanasikia.”

“Wasikie! Tarehe moja Julai 1962, siku ya uhuru, ulikuwa wapi?”

“Hapa hapa Buja, Bujumbura.”

“Buja wapi? Kwenye kazi ya Orpha uko barabarani unapiga tarumbeta. Kwenye ya Fabiola uko hospitali, mguu umevunjika, umefungwa plasta. Umepigaje tarumbeta na plasta?”

“Tarumbeta inapigwa na mudomo.”

Waliokuwa wakingoja kopi wakaangua kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa na kazi za shule za watoto kumi na mmoja mkononi, na mmoja wao ni wa kwangu.

“Kwa mwanangu unaendesha lori la bendera. Haya, karangamuntu yako hii hapa, kitambulisho cha serikali, imeandikwa umezaliwa 1950. Ulikuwa na miaka kumi na miwili, muzee! Lori?”

“Nilikuwa murefu.”

“Na kwa Adrien ndiyo umezaliwa siku hiyo hiyo, saa nne asubuhi, mizinga inalia.”

Hapo mzee akajikuna kidevu.

“Adrien alikuwa na haraka,” akasema.

Ngoja niwaeleze, maana najua mmeanza kunicheka na mimi.

Naitwa Saliha, wengi huniita Mama Raïssa. Nina diploma ya ukatibu na kibanda cha kuchapa huku Carama, mkabala na shule ya sekondari. Watu wananiletea maandishi ya mkono, nayapiga kwenye kompyuta, natoa kwenye printa, nabana. Sisomi. Ukisoma kila unachopiga, hutamaliza siku.

Mzee Rachidi ni fundi baiskeli. Yuko hatua ishirini kutoka kwangu, mbele ya geti la shule. Tangu mafuta yalipoadimika mjini, kila mtu amepanda baiskeli, na benchi lake halikai tupu.

Sasa, prof wa historia wa darasa la mwisho, Prof Jovithe, ni mtu wa kanuni. Mwaka jana wanafunzi walimletea kazi za utafiti walizotoa kwenye intaneti, nyingine bado zina matangazo ya viatu katikati. Mwaka huu akakaza. Kila mwanafunzi atafute shahidi mmoja wa siku ya uhuru. Shahidi awe hai. Atie saini. Kopi ya karangamuntu ibandikwe nyuma.

Kazi hiyo ina pointi arobaini.

Raïssa wangu alirudia darasa mwaka jana. Akianguka tena, shule haimpokei. Hilo ndilo lililokuwa linaninyima raha, si historia.

Basi wiki nzima wanafunzi wananiletea kazi. Na nyuma ya kila kazi kuna karangamuntu ileile. Niliitoa kopi mara kumi na moja kwa mikono yangu hii, na sura ya Mzee Rachidi inaniangalia kila mara, nami nimeshika stepla tu.

Kilichonizindua ni Prof Jovithe mwenyewe. Alhamisi asubuhi alikuja na barua ya mwaliko, nimpigie kwenye kompyuta, na zile kazi kumi na moja alizokwisha kusoma, nimchapie nakala za inspekta. Jumamosi inspekta anakuja. Kila mwanafunzi atasimama na kutetea kazi yake, na shahidi wake amekaa kando.

“Nimeshaazima viti kumi na moja vya wazee,” aliniambia, amefurahi kama bwana harusi. “Na Fanta kumi na moja.”

Nikaanza kupiga barua. Nilipofika kwenye “wazee wetu kumi na mmoja”, vidole vikasimama.

Kumi na mmoja gani?

Prof alipotoka tu, nikazifungua kazi zote na kuzisoma. Kisha nikamwita mzee. Ndiyo ule ugomvi.

“Watoto wote wamekuja kwako,” nikamwambia, “na kila mmoja umempa maisha tofauti.”

“Kila mumoja nilimwambia asimuambie mwenzake.”

“Jumamosi utakaa kwenye viti kumi na moja?”

Akafikiri. Wallahi alifikiri kwa dhati.

“Niko na kofia tatu,” akasema. “Na kanzu ya Idi. Na miwani ya marehemu kaka yangu. Wakiingia mumoja mumoja…”

“Muzee!”

“Basi we una kofia?”

Wakati huo Raïssa akaingia kutoka darasani. Aliona karatasi zimetandazwa, akaniona mimi, akamwona mzee. Akaelewa nusu, nusu akamalizia kwa kulia.

“Mama, we chapa tu! Kurasa ishirini na mbili! Niliziandika wiki tatu!”

“Za mtoto wa miaka kumi na miwili anayeendesha lori.”

“Aliniambia ni yeye!”

“Na wewe karangamuntu hukuisoma?”

Akatikisa kichwa. Hakuisoma. Hakuna hata mmoja aliyeisoma. Prof alisema ibandikwe, hakusema isomwe, na yeye mwenyewe hakufunua ukurasa wa nyuma.

Nikamgeukia mzee. “Sasa sema ukweli. Wewe mwenyewe, siku ile, ulikuwa wapi?”

Akaangalia viatu vyake.

“Nilikuwa nimelala. Malaria. Siku tatu mama ananikanda maji. Bendera sikuiona.” Akainua uso. “Sasa nani anataka kurasa ishirini za malaria?”

“Hizi nyingine umezitoa wapi?”

“Kwenye benchi.”

“Benchi gani?”

“Langu! Mutu akingoja pancha, anafanya nini? Anaongea. Miaka arobaini naziba pancha, Mama Raïssa. Mupiga tarumbeta alikuwa anakuja kila Ijumaa, tairi ya nyuma. Aliyevunjika mguu alikuwa ananunua cheni. Seifu dereva wa lori, huyo pedali zilikuwa zinamukataa. Wote nimewasikia kwa masikio haya. Watoto wakaja wanatafuta shahidi. Mi nikawaambia, aliyeendesha lori ni Seifu. Wakasema prof anataka mutu hai, anataka saini. Seifu yuko makaburini! Atatia saini na nini?”

“Kwa hiyo ukatia wewe.”

“Mukono wangu unafanya kazi.”

Nikaziweka karatasi chini. Raïssa naye aliacha kulia.

“Na ya Adrien?” akauliza. “Aliyezaliwa saa nne?”

“Apana, ile ni uongo mutupu. Nilikuwa nimeshachoka.”

Mimi si mtu wa kukaa na tatizo nikilitazama. Nilifunga kibanda, nikasimamisha tuktuk, nikawapakia wote wawili. Binti wa marehemu Seifu, Fatouma, anaishi Buterere, kule chini karibu na mashamba ya mpunga. Mzee anaijua nyumba.

Fatouma alitupokea vizuri, akatandika mkeka, akaleta chai. Raïssa akatoa daftari na kumsomea ukurasa wa kwanza, jinsi baba yake alivyoingia mjini na lori limejaa bendera, watu wanapiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele.

Fatouma alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka hadi akashika ubavu.

“Nani amewadanganya?”

“Baba yako,” Mzee Rachidi akasema. “Yeye mwenyewe. Kwa kinywa chake.”

“Baba alikuwa anaongeza chumvi, jamani! Bendera gani? Alibeba makreti ya vinywaji vya sherehe. Lori likamuzimikia Bugarama, juu mulimani. Akalala chini yake siku mbili analinda makreti wasiyaibe. Alipofika Buja, sherehe imeisha, watu wanafagia. Mama alimusema mpaka anakufa. Nchi nzima imeona uhuru, we umeona matairi.”

Mzee Rachidi aliweka kikombe chini taratibu.

“Seifu alinidanganya?” akasema. “Mimi? Pancha ngapi nimemuzibia! Nikamuamini!”

“Pole, muzee.”

“Mutu muzima! Anakaa kwenye benchi langu, anasema uongo!”

Huyo ni mtu aliyetia saini maisha kumi na moja. Alinuna mpaka tunaondoka.

Fatouma akaingia ndani, akarudi na kitambaa. Ndani yake kuna permi ya baba yake, leseni ya udereva, karatasi imekuwa rangi ya chai, picha ya kijana mwenye masikio makubwa, muhuri, mwaka. Raïssa aliishika kwa ncha za vidole. Akamuuliza Fatouma aliyemsimulia ni nani, yeye alikuwa na umri gani, kama kuna mwingine aliyesikia. Sikuwahi kumwona anauliza hivyo. Tulikaa mpaka chai ikapoa, na alijaza kurasa tisa.

Ijumaa asubuhi akaniletea kazi mpya. Kurasa kumi na nne tu. Dereva Seifu, makreti, Bugarama. Mwishoni ameandika wazi kwamba shahidi alishafariki, kwamba mambo haya ameyapata kwa binti yake, na kwamba toleo la kwanza alilopewa halikuwa la kweli. Kopi ya permi nyuma.

Nikapiga, nikabana. Nikamwambia Mzee Rachidi, “Vaa viatu, tuvuke.”

“Mi nina baiskeli ya mutu hapa.”

“Itakungoja.”

Prof Jovithe alikuwa darasani kwake, anapanga viti. Mzee alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema yote, bila kupunguza. Alipofika mwisho, prof alikaa kwenye kimoja cha vile viti.

“Hata ya tarumbeta?” akauliza.

“Hata ile.”

“Ile niliipenda sana.”

Raïssa akamwekea kazi mpya mbele yake. Prof akaisoma haraka, anarudi nyuma, anasoma tena. Nikasema moyoni, sasa atampa mkono.

Badala yake akainuka, akafunga mlango.

“Mama Raïssa,” akasema kwa sauti ya chini. “Inspekta anakuja kesho. Nimeshamwandikia kwamba tuna mashahidi kumi na mmoja. Sasa niseme nini?”

“Sema ukweli.”

“Tusikilizane kwanza. Wanafunzi wanaingia mmoja mmoja, siyo? Kati yao kuna dakika tano. Mzee anaweza kutoka kwa mlango ule wa nyuma…” Akamtazama mzee kutoka juu hadi chini. “Muzee, una kofia ngapi?”

“Tatu.”

“Mimi nina mbili nyumbani.”

Wallahi nilidhani nimesikia vibaya. Mtu wa kanuni! Mtu wa saini na karangamuntu!

Akamgeukia Raïssa, sasa anabembeleza. “Binti, ile kazi yako ya kwanza ilikuwa nzuri mno. Bendera, makofi. Nirudishie ile. Nakupa thelathini na tano. Hii ya kulala chini ya lori, shahidi hayupo hai. Kwa kanuni yangu, ni sifuri.”

Hapa nitasema kitu ambacho mama wengi hawatakisema. Nilitaka akubali.

Thelathini na tano! Mwaka umepita, mtoto amevuka, mimi narudi kwenye printa yangu. Nilimwangalia Raïssa, nikawa namsukuma kwa macho. Chukua, mwanangu. Seifu amekufa, hatadai kitu.

Raïssa alikuwa ametoa ile ya kwanza kwenye begi. Kurasa ishirini na mbili. Nikadhani anampa.

Akaipasua katikati. Akapasua tena. Vipande akaviweka juu ya kiti cha kwanza, vizuri, kama anaweka zawadi.

“Prof,” akasema, “ya Seifu ndiyo hii nyingine. Kama ni sifuri, andika sasa hivi juu yake, na mimi kesho nitaitetea na sifuri yake mbele ya inspekta.”

Mzee Rachidi akavaa kofia yake. “Na mi kesho nakuja na kofia hii moja,” akasema. “Nikiulizwa, naongea malaria.”

Prof Jovithe alisimama pale na kalamu. Hakuandika sifuri. Hakuandika chochote. Mwishoni akachukua muhuri, akagonga “imepokelewa”, akaandika tarehe, akaketi tena.

Tulivuka barabara kurudi kibandani. Nilikuwa na aibu, na mtoto aliiona, akanyamaza kwa heshima. Hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi.

Nilipoingia nikakaa mbele ya kompyuta. Zile kazi nyingine kumi bado zilikuwemo, tayari kuchapwa kwa ajili ya kesho. Nikamwita mzee akae kando yangu.

“Mupiga tarumbeta alikuwa anaitwa nani? Ana mutoto? Anaishi wapi?”

Akataja. Nikapiga. Tukaenda hivyo mmoja mmoja, marehemu tisa, na jina la mtoto au mjane aliyebaki, na mtaa. Kulikuwa na mpishi, binti yake yuko Gihosha. Wa mguu, mjane yuko hapa hapa Carama, nyuma ya kinu. Wa kumi ni Adrien. Mbele ya jina lake niliandika: hakuna mtu, aanze upya.

Nikachapa karatasi hiyo, nikaibandika kwenye kioo kwa ndani, maandishi yakielekea nje. Kisha nikazifuta zile kazi kumi zote, moja baada ya nyingine, na kila kompyuta iliponiuliza kama nina hakika, nikabonyeza ndiyo.

Naandika haya bado ni Ijumaa, saa sita mchana. Pointi za Raïssa hatujazijua. Adrien yuko nje ananipigia kelele kwenye kioo, na Orpha ameshakodi baiskeli kwa mzee, anakwenda kumtafuta mtoto wa mpiga tarumbeta.

Kina mama wenzangu, mtoto akikuletea kazi inayopendeza kupita kiasi, usikimbilie kumsifu. Muulize nani aliona. Na akishakujibu kweli, usimsukume kwa macho kama nilivyofanya mimi.