Makosa ya Makusudi

Jirani yetu, mwalimu wa Kiingereza, hapiti penye kosa akanyamaza. Kibao cha duka kikikosa nukta husimama, akaguna, akatoa kalamu nyekundu mfukoni, kisha akairudisha kwa shida kama mlevi aliyeapa kuacha. Vidole vyake viwili vina wekundu usiosikia sabuni. Mkewe naye alifundisha somo hilohilo, na mume akiteleza ulimi mezani, mama yule aligonga kikombe kwa kijiko: "Rudia, mzee!" Vicheko vyao vilipenya ukuta hadi kwetu.

Tangu kiharusi kimlaze mkewe na kumfunga ulimi, kila jioni mume humsomea gazeti la Kiingereza. Juzi niliwapelekea chai, nikamkuta anasoma ovyo, anavuruga sentensi ambazo hata mwanangu wa darasa la nne angezisoma sawasawa. Nikadhani ni uzee. Kumbe baada ya kila kosa alikuwa ananyamaza, macho yake kwenye kijiko alichokiweka mkononi mwa mkewe, na kikombe kitupu kando yake. Kijiko hakikutikisika.

"Haya, mwalimu wangu," akamwambia taratibu, "nitarudia mwenyewe."