Mnazi Wangu kwa Njia ya Kisimani

Bendera mpya ya uhuru ilikuwa bado haijachujuka rangi pale baba na jirani yetu wa hapa Msambweni walipofikishana mahakamani Kwale. Jirani alikuwa amenunua shamba. Baba alidai minazi iliyomo, kwa sababu aliipanda babu. Kwetu si ajabu: ardhi ya huyu, miti ya yule. Jirani akakasirika, akaziba njia ya kisimani ipitayo shambani mwake. Mama akawa anazunguka mbali na ndoo kichwani, hadi shingo ikamwingia mabegani.

Mimi kesi niliipenda. Mnazi mmoja ulikuwa wangu, ulipandwa juu ya kitovu changu nilipozaliwa. Mkwezi asiyeniomba ruhusa nilimtupia mawe. Binti wa jirani, ninayekaa naye dawati moja, ana nywele ndefu, ana mwandiko mzuri, ana viatu. Mnazi hana. Nilihakikisha hasahau.

Kabla kesi haijasikizwa, jirani alikuja barazani kwetu na wazee wawili. Kahawa ikamiminwa, sauti zikateremka.

"Bwana, hakimu akitukatia shauri, mmoja wetu atarudi hana uso," akasema jirani. "Mimi nafungua njia, na haitazibwa tena. Wewe niachie minazi."

"Yote?" baba akauliza.

"Iliyo ng'ambo ya njia. Ya huku yako."

Wangu ulikuwa ng'ambo.

"Baba, ule una kitovu changu!"

"Kitovu chako kililiwa na siafu siku ile ile."

Wazee walicheka hadi kahawa ikawatoka puani. Binti wa jirani, aliyemfuata babake makusudi aje anione nikinyolewa, akajiziba mdomo kwa leso.

"Mwenye neno alitoe sasa," akasema jirani. "Karani akishayaandika mapatano yetu kule Kwale, yamekwisha."

Nilikuwa nalo, refu kuliko hotuba za wanasiasa. Nikamtazama mama mlangoni. Hakunifinya, hakunikonyeza. Alikuwa akijikanda shingo tu.

"Sina neno," nikasema. "Ila huyu bintiyo awe anauamkia mnazi wangu shikamoo. Umemzidi umri."

Wakaenda Kwale, kesi ikafutwa. Mama siku hizi huenda kisimani na kurudi akiimba, nami nafurahi, msinione shetani. Lakini kila kwao wakiuangua mnazi ule, binti wa jirani huja kwetu na dafu, limeshakatwa vizuri, na mama humpokea kwa mikono miwili: "Ahsante, mwanangu. We una adabu."

Mwanangu! Kumbe mnazi haukumtosha.

Mimi hulinywa papo hapo, lote, nisimbakishie mtu, kisha namwambia, "Limechacha."

"Basi wiki ijayo nitakuletea jingine," hujibu yeye, na kumbe amekwisha kaa jikoni, anamkunia mama nazi.