Meneja Alipopanda Vani Yangu

Vani yangu niliipenda tangu siku ya kwanza kwa sababu milango yake ya nyuma hufunguka mpaka mwisho, na sufuria kubwa la pilau huingia bila kuinamishwa. Mimi hupika kwenye shughuli za watu hapa Johannesburg: harusi, maulidi, hitima, na siku hizi hata ubatizo wa Wakongomani wa Yeoville. Kabla ya vani nilikuwa nakodi gari la mtu. Siku akiamua kulala, bibi harusi anakaa na njaa na lawama zote ni zangu.

Ilikuwa imetumika, lakini gereji iliyoniuzia ilitoa dhamana ya mwaka mzima kwa injini na giaboksi. Wakati huo kibali changu cha kuishi kilikuwa bado kinashughulikiwa, hivyo tuliiandikisha kwa jina la mdogo wangu, anayefanya kazi benki kule Sandton. Dhamana haijafika hata nusu, gia ya pili ikaanza kuchomoka yenyewe. Si kila mara. Ilisubiri injini ipate moto, niwe napanda mlima kutoka Doornfontein kurudi nyumbani Yeoville, ndipo iniachie katikati ya barabara.

Niliipeleka gereji. Waliilaza uani kwao, na asubuhi fundi akaizungusha mtaani, kwenye tambarare, injini ikiwa ya baridi.

"Haina kitu, Mama."

Nikamwambia aipeleke mlimani ikiwa ya moto. Akacheka. "Hii vani inanuka iliki mpaka kwenye usukani. Unapakia jiko zima humu. Gari si punda, Mama."

"Angekuwa punda ningeshamtibu mwenyewe," nikamjibu. "Hii mmesema mtaitibu nyinyi."

Nilirudi tena na tena. Mwishowe meneja akasema hawezi kuendelea kuzungumza na mimi. Atazungumza na mwenye gari aliyeandikwa kwenye karatasi.

Nikampigia mdogo wangu.

"Dada, achana nayo," akaniambia. "Nitakutafutia nyingine."

"Nyingine ya nini? Yangu ninayo, na ina dhamana. Wewe njoo tu."

Sisi tumezaliwa watatu, na mimi ndiye wa kwanza. Nilikuwa kidato cha pili, Tanga, tulipobaki peke yetu. Niliacha shule nikauza vitumbua ili wale wawili wasiache. Mambo mengi nimeyaachia njiani, lakini kitu nilichokubaliana na mtu uso kwa uso sijawahi kukiachia.

Alikuja na suti yake ya kazini. Meneja alisimama, akampa mkono, akamwagizia kahawa. Mimi nilikuwa nimekaa hapo hapo. Wakaanza Kiingereza chao cha haraka: gereji itatoa matairi mapya manne, na mdogo wangu ataweka sahihi kwamba suala la giaboksi limekwisha. Karatasi ilikuwa tayari mezani. Meneja akasogeza kalamu.

Mdogo wangu aliisoma karatasi mpaka chini, kisha akanigeukia.

"Dada, unasemaje?"

"Unamuuliza nini?" meneja akataka kujua. "Si wewe ndiye mwenye gari?"

"Jina kwenye kadi ni langu," mdogo wangu akasema. "Lakini mimi darasa la kwanza aliyenipeleka ni huyu. Palipo na yeye siamui kitu. Zungumza naye."

Sijui kama meneja alielewa. Mimi nilielewa, na mgongo wangu ukanyooka wenyewe kwenye kile kiti. Nikasema kwa Kiingereza changu cha sokoni: "Sitaki matairi. Panda gari langu, twende mpaka juu ya mlima. Gia isipochomoka, huyu ataweka sahihi na hutaniona tena hapa."

Mdogo wangu alinitazama. Alijua kama mimi kwamba siku nyingine vani hupanda vizuri tu.

Meneja aliketi mbele pamoja nami. Mdogo wangu akaingia nyuma, akakaa na suti yake juu ya mkeka ninaotandika chini ya masufuria. Nilizunguka Doornfontein mpaka injini ikapata moto, kisha nikaelekea mlimani. Tukapanda. Tukapanda zaidi.

"Mama," meneja akasema, "mbona inakwenda?"

Roboti, kama wanavyoita huku taa za barabarani, ikawaka nyekundu, nikasimama. Ilipogeuka kijani nikaondoka na gia ya kwanza, nikaweka ya pili, nikakanyaga mafuta. Mkono wa gia ukaruka, injini ikalia bure, na vani ikaanza kurudi nyuma. Teksi iliyokuwa nyuma yetu ikapiga honi kama imekanyagwa. Mdogo wangu aliteleza na mkeka wake mpaka mlangoni.

"Eish! Breki, Mama! Breki!"

"Breki ninayo," nikamwambia. "Ninachotaka ni gia."

Meneja alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono yote miwili. Aliponiona nimeituliza vani akavuta pumzi, akaniambia, mimi, si aliye nyuma: "Turudi. Tutaweka giaboksi nyingine."

Wakaiweka, kwa dhamana yao. Siku ya kuichukua, meneja alinikabidhi funguo mkononi.

Jumamosi iliyofuata nilipeleka masufuria yote kwa safari moja kwenye walima, Mayfair. Wanawake wenzangu jikoni walitaka habari, nikawasimulia. Wakaja waliochelewa, nikasimulia upya, na mara hii meneja alikuwa amemwita mama yake kwa sauti kubwa. Mdogo wangu, aliyekuja kusaidia kubeba, akaingilia.

"Dada, mbona hakumwita mama yake?"

"Wewe ulikuwa nyuma, ungesikia wapi? Shika upande huo tuinue."