Nyuki wamehamia kwenye gari ninamoishi

Jamani, nyuki wamenifukuza nyumbani kwangu!

Si mnajua naishi kwenye lile basi dogo nililong'oa viti nikaweka kitanda? Paa lilikuwa linavuja. Jana nikaona silikoni ya nini, nikayeyusha nta, nikaziba nyufa zote. Nikajiona fundi.

Mimi, mtoto wa Sikonge, kwenye asali! Ninayejua kabisa kwamba mzinga mpya hupakwa nta ili nyuki waje.

Leo nimeegesha porini, nikaenda kuchota maji ya rejeta. Narudi, kundi zima limeingia dirishani. Linavuma. Funguo ziko ndani. Godoro, chakula, kila kitu.

Akapita mrina asali na baiskeli. Nikamlilia:

"Kaka, nisaidie kuwatoa!"

Akachungulia, akacheka.

"Kuwatoa? Hongera, dada! Mizinga yangu mpaka leo mitupu."

Akapanda baiskeli, huyoo.

Nawaombeni, mnaoishi kwenye magari: zibeni kwa silikoni. Na kama kuna mtu yuko karibu na Sikonge, aje, nalia kweli.

Mvua imeanza.

Nachungulia kwa mbali. Ndani hakuvuji hata tone.

Mimi niko nje na dumu langu la maji.